Maswali ya Wasomaji: Kikosi kizima cha herufi R

SWALI: Tuna chemsha bongo ya michezo shuleni. Kila kundi linapewa herufi moja na kutakiwa kuunda kikosi cha besiboli cha watu tisa waliocheza ligi kuu ya Marekani, wote majina yao ya ukoo yakianza na herufi hiyo. Sisi tumepata R. Wanafunzi wamejaza majina, ila sina hakika kama wamewapanga sawasawa. – Mwalimu wa michezo, Ilemela, Mwanza

JIBU: Mwalimu, mmeangukia herufi nono. Tatizo la R si kupata majina, ni kuyachuja, maana vijana huorodhesha wapigaji maarufu tisa na kusahau kwamba lazima mtu arushe mpira na mwingine audake.

Anzeni na mrushaji, Nolan Ryan, aliyewatoa wapigaji 5,714 kwa kuwakosesha mpira. Hakuna aliyemfikia. Mdakaji wake awe Iván Rodríguez. Besi (kituo cha mkimbiaji) ya kwanza mpeni Pete Rose, mwenye mapigo salama 4,256, yaani yaliyomfikisha besi. Alicheza nafasi nyingi, lakini ya besi ya kwanza ndiyo aliyoicheza mechi nyingi zaidi. Besi ya pili ni Jackie Robinson. Hapa majaji hupenda kutega: siku anaanza na Brooklyn Dodgers, tarehe 15 Aprili 1947, alisimama besi ya kwanza, ya pili aliihamia mwaka uliofuata. Besi ya tatu ni Brooks Robinson, na kati yake na besi ya pili asimame Cal Ripken, aliyecheza mechi 2,632 mfululizo bila kukosa hata moja.

Uwanja wa nje, kushoto ni Tim Raines, katikati Edd Roush, kulia Babe Ruth. Msimhamishie Ruth besi ya tatu hata nafasi ikibaki wazi. Alirusha kwa mkono wa kushoto, na mtu wa mashoto akidaka pale hulazimika kugeuza mwili mzima ndipo arushe besi ya kwanza. Mkimbiaji hamsubiri.

Kama sheria zenu zinaruhusu mpigaji wa ziada, mpeni Frank Robinson, bingwa wa kura za mchezaji bora katika ligi zote mbili zinazounda ligi kuu, National mwaka 1961 na American mwaka 1966. Sasa mna akina Robinson watatu ambao hawana undugu, na Frank na Brooks walikuwa timu moja, Baltimore. Kwa hiyo kadi iliyoandikwa “Robinson” peke yake ifutwe na kuandikwa upya.

Mkiruhusiwa pia mrushaji wa akiba wa kumalizia mechi, awe Mariano Rivera, mwenye mechi 652 alizozifunga akilinda uongozi wa timu yake. Watu wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba watampenda huyu. Amekulia Puerto Caimito, kijiji cha wavuvi Panama, baba yake akiwa nahodha wa boti ya kuvua dagaa, naye mwenyewe akafanya kazi humo. Glavu ya utotoni ilikuwa ya kadibodi. Mwaka 2019 akawa wa kwanza kuingia Jumba la Umaarufu kwa kura zote, 425 kwa 425.

SWALI: Kundi letu lina herufi C. Mpinzani anadai Roberto Clemente ni wa W. Nani yuko sahihi? – Mwanafunzi, Nyamagana

JIBU: Nyinyi. Jina lake kamili ni Roberto Clemente Walker, na kwa desturi ya Kihispania ukoo wa baba hutangulia, wa mama hufuata. Mpinzani wako asichekwe sana: hata bango lake katika Jumba la Umaarufu, mjini Cooperstown, lilichongwa “Roberto Walker Clemente” mwaka 1973, likarekebishwa mwaka 2000.

Mitego mingine ni hii. Jorge De La Rosa huorodheshwa D, kwa hiyo kundi la R lisimchukue. Ichiro Suzuki ni wa S, ingawa jezi yake iliandikwa Ichiro. “Jr.” haihesabiki, basi Ken Griffey Jr. ni G. Na majina ya utani kama Babe hayana kazi hapa. Mwenyewe aliitwa George Herman Ruth.

SWALI: Je, kuna herufi isiyotoa mtu kabisa? – Msomaji, Musoma

JIBU: X. Hadi msimu wa 2023 hakuna mchezaji wa ligi kuu mwenye ukoo unaoanza na herufi hiyo, basi iondoeni kwenye kapu la kura kabla ya kuchagua. Msiiondoe Y kwa kudhani nayo ni kavu: ina Cy Young, aliyeshinda mechi 511, Carl Yastrzemski na Robin Yount. Q ndiyo itawatoa jasho, kwani mtapata warushaji kama Dan Quisenberry na José Quintana, kisha mtahangaika kujaza nafasi zote tisa.