Fulana za utani za kundi la dadu: andikeni kinachowachekesha nyinyi

Kila Jumamosi jioni tunakutana watu sita sebuleni kwa dada mmoja, Kaloleni hapa Arusha, kucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo kila mtu anaigiza mhusika wa hadithi na dadu inaamua matokeo. Wengi wetu tuliujua mchezo kupitia podikasti (kipindi cha sauti cha mtandaoni) ya The Adventure Zone, iliyoanza 2014, ambamo ndugu watatu wa Marekani wanacheza na baba yao mzazi. Ukiisikia familia ikicheka vile, unatamani kuwa na meza yako. Na meza ikishapatikana, haipiti muda mtu anasema: jamani, tutengeneze fulana.

Nimesimamia kazi hiyo mara tatu sasa, na wenzetu wa Moshi wananiuliza pa kuanzia.

Msianze na maneno ya kwenye kipindi. Sisi tulichukua sentensi ndefu ya Kiingereza tukaijaza kifua kizima. Kwenye simu ilichekesha sana, lakini mtaani kila aliyeuliza ilibidi aelezwe tangu mwanzo, na mpaka umalize ameshaangalia pembeni. Isitoshe, maneno na michoro ile ina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 tunayo hapa kwetu.

Mara ya pili tukasikiliza meza yetu wenyewe. Kuna kaka mmoja, mambo yakiharibika anavuta kiti mbele, anakunja mikono ya shati, anasema, "Nina mpango." Anarusha dadu ya pande 20. Inabingirika, inagonga sahani ya karanga, inalala kwenye 1. Ukishambulia ukapata 1 umekosa, hata uwe na nguvu za namna gani. Fulana ikaandikwa NINA MPANGO, chini yake dadu inayoonyesha 1. Basi. Konda wa daladala aliisoma akacheka: "Mpango gani huo, bro?" Dadu ile hajawahi kuiona maishani. Mchezaji akiiona anacheka maradufu, maana anajua kinachofuata. Tafuteni utani wa namna hiyo, wenye mlango wa mgeni na mlango wa mwenyeji.

Kikombe chetu cha utani nacho kilitoka kwenye kanuni za mchezo. Katika toleo la tano la mchezo, aliyejeruhiwa anaweza kuchukua pumziko fupi, lisilopungua saa moja, akarudisha nguvu. Tukaandika PUMZIKO FUPI: NIACHENI SAA NZIMA. Dada mwenye nyumba alikipeleka kazini, na wenzake wasiojua lolote kuhusu mchezo wakaagiza vyao.

Sasa uchapishaji, maana hapo ndipo hela inapopotelea. Fulana zetu za kwanza zilikuwa za pamba, na fundi akatumia sablimesheni, yaani kuhamisha wino kutoka kwenye karatasi kwa joto. Wino wa aina hiyo unashika kwenye poliesta, kwenye pamba haukai. Zilipofuliwa mara ya pili, maandishi yakawa kivuli. Kwa pamba, muombe fundi wa skrini, anayepitisha wino kwenye wavu, hasa kama oda ni kubwa na rangi ni moja au mbili. Kwa fulana chache, chapa ya kubandika kwa mashine ya joto inatosha. Vikombe vya sablimesheni lazima viwe vimepakwa utando maalumu. Kile cha kawaida cha sokoni hakifai, hata kiwe kizuri vipi. Na usilipe oda yote kabla ya kuchukua fulana moja, kuifua nyumbani mara tatu na kuianika juani.

Kwa baridi ya Juni na Julai tunapendelea sweta zenye kofia. Mfuko wa mbele unabeba dadu zote saba za seti, na mkono unapata pa kujificha ukisubiri zamu yako.

Anayekufulia mwambie aigeuze nguo nje ndani kwanza, na pasi isipite juu ya maandishi.