Lochi klauni kwenye tangi la lita 54? Soma hapa kwanza

Mkuu, umeuliza kama lochi klauni wawili, samaki wa mapambo wa sakafuni wanaokula konokono, wanafaa kwenye tangi lako la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, lenye samaki wadogo aina ya gapi na beta mmoja, kwa sababu konokono wamekuzidi na muuzaji amekuhakikishia kuwa lochi watawamaliza. Nafuga lochi hapa Dar miaka mingi sasa, na jibu langu ni hapana. Nitaeleza kwa kirefu kwa sababu swali hili linarudi kila mara, na anayeumia ni samaki.

Anza na hesabu. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000, utapata lita. Lako ni lita 54, na ukiondoa nafasi ya changarawe na mawe maji yenyewe hayafiki hapo. Sasa mtazame huyo klauni. Jina lake la kitaalamu ni Chromobotia macracanthus, asili yake ni mito ya Sumatra na Borneo. Dukani ana urefu wa kidole, rangi ya chungwa na mikanda mitatu myeusi, anavutia kweli. Akitunzwa vizuri anafika sentimita 20 hadi 25, wengine hufika 30, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Anakua taratibu sana, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika: mwaka unapita wanaona hajabadilika, wanadhani ameishia hapo. Tangi lako lina upana wa sentimita 30. Samaki wa sentimita 25 humo hata kugeuka ni shida.

La pili, wawili hawatoshi. Lochi wa jamii hii ni samaki wa kundi, tena kundi lenye wakubwa na wadogo wanaojuana. Ukikaa mbele ya tangi lenye sita utawaona wakipangana nafasi: wawili wanabanana ubavu kwa ubavu, rangi yao ya chungwa inafifia hadi kijivu, halafu mmoja anakubali kushindwa na rangi inarudi. Wakati wa kula wanatoa mlio wa kugonga unaousikia hadi nje ya kioo. Wakipumzika wanalala ubavu, hata kujibana kati ya mawe, na mgeni akiwaona anakwambia samaki wako wamekufa. Hayo yote huyaoni kwa lochi mmoja au wawili. Unaona samaki aliyejificha nyuma ya filta mchana kutwa, au mwenye nguvu akimwandama mnyonge bila kupumzika, kwa sababu hakuna wengine wa kugawana hiyo bughudha. Ndiyo maana nasema mwenza wa kwanza wa lochi ni lochi mwenzake, watano au sita kwenda juu. Wengine wanafuata ikibaki nafasi.

Kwa klauni sita waliokomaa, mimi sipendekezi chini ya sentimita 180 kwa 60 kwa 60, yaani lita 648. Wakiwa wadogo unaweza kuanza na 120 kwa 45 kwa 45, ambayo ni lita 243, lakini uwe na uhakika wa lile kubwa, siyo ahadi tu. Na ukienda kwa fundi vioo kuagiza, usimwambie lita peke yake. Mwambie urefu na upana wa chini. Lochi anaishi sakafuni, kwa hiyo tangi refu kwenda juu lenye lita zilezile linampa nafasi ndogo ya kutembea. Kumbuka pia kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Hilo la lita 243 likijaa linazidi robo tani ukijumlisha kioo na mawe, na lile kubwa linazidi nusu tani. Meza ya sebuleni haibebi mzigo huo. Tengenezesha stendi ya chuma, na kama unaishi ghorofani jua kwanza sakafu yako ikoje.

Sasa, tangi ulilo nalo siyo la kutupa. Humo weka kuhli sita, lochi wadogo wa jamii ya Pangio. Wana mwili mrefu mwembamba kama mkunga mdogo, milia ya njano na kahawia, na wanaishia sentimita 8 hadi 10. Wanahitaji mchanga laini badala ya changarawe yenye ncha, kwa sababu wanajichimbia na kupekua chakula kwa masharubu yao, na changarawe kali inayakwangua. Wape majani, vijigogo na mapango, kisha funika mdomo wa filta kwa sponji, maana kuhli anaingia popote penye upenyo. Ni samaki wa usiku: walishe ukishazima taa, chakula kinachozama.

Wa kukaa nao wawe wadogo na wapole, kama tetra wadogo au rasbora. Gapi wako hawana tatizo na kuhli. Tatizo liko kwa gapi na beta. Gapi dume ana mkia mrefu wa rangi, na beta anaweza kumchukulia kama beta mwenzake. Ningemhamisha beta leo.

Kuhusu konokono, kuhli hawatawamaliza. Konokono wamezaliana kwa sababu chakula kinabaki. Punguza ulishaji, kisha usiku laza jani la kabichi lililochemshwa kidogo chini ya tangi, asubuhi litoe na konokono waliolivamia. Rudia mpaka uone wamepungua. Kununua samaki atakayeishi miaka 20 kwa ajili ya konokono ni kumdhulumu samaki huyo.

Ukiwa na tangi la sentimita 90 au 100, mlango unafunguka zaidi. Botia striata mwenye milia membamba hazidi sana sentimita 8 hadi 10 na ni mmoja wa wapole katika jamii yake. Ambastaia sidthimunki wa Thailand ni mdogo zaidi, sentimita 5 au 6, anaogelea katikati ya maji mchana kweupe, na kwangu hakuna lochi anayependeza kumtazama kama yeye. Huko kwao mtoni wamebaki wachache sana, na wanaouzwa wengi wamezalishwa mashambani, kwa hiyo bei yake iko juu. Botia almorhae wa India na Nepal, anayeuzwa kwa jina la yoyo, anafika sentimita 12 hadi 15 na ni mkorofi zaidi. Yeye mpe sentimita 120.

Marafiki wa hawa Botia na klauni wawe samaki wachangamfu, wasio na mapezi marefu, wanaopenda maji ya vuguvugu: barbu milia, barbu wengine wa ukubwa wa kati, rasbora wakubwa, tetra wanene. Epuka beta, angel na gapi dume, kwa sababu mapezi yao yatang'atwa. Kamba wadogo wa mapambo wataliwa pamoja na konokono wako wa kufugwa.

Hili la mbuna nalisema kwa mkazo kwa sababu ni samaki wetu wa Ziwa Nyasa na tunawapenda. Usiwachanganye na klauni. Mbuna wanataka maji magumu, yaani yenye madini mengi, yenye pH (kipimo cha asidi) kati ya 7.8 na 8.6, klauni anatoka kwenye maji laini yenye asidi kidogo. Zaidi ya hapo mbuna ni wababe wa mapango, na pango ndiyo nyumba ya lochi. Kwa sababu hiyohiyo ya maji, kama kisima chako ni cha chumvi, usikitumie kwa lochi. Ya bomba yanafaa ukishaondoa klorini.

Joto la Dar linamfaa klauni, anakaa vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 30. Dojo, lochi mwingine, ni habari nyingine. Misgurnus anguillicaudatus ni samaki wa maji baridi, anafika sentimita 20 na zaidi, na ni mmoja wa lochi wachache wanaokaa vizuri na goldifishi. Huyo mwachieni mtu wa Arusha, Mbeya au Nairobi, asiyetumia hita. Pwani miezi ya joto anateseka. Na asimwage mtoni akimchoka: dojo ameshageuka samaki vamizi Marekani na Australia.

Mambo mawili ya kushika. Chini ya jicho klauni ana mwiba anaouchomoa akiogopa. Ukimvua kwa wavu unanasa, na ukimvuta unamjeruhi. Mswage aingie kwenye bakuli ndani ya maji. Pia mfuniko wa tangi usiwe na upenyo, lochi huruka.

Dukani angalia tumbo na mgongo. Lochi aliyekonda, mgongo umekuwa kama ukingo wa kisu huku anakula, mara nyingi ana minyoo. Dawa inayotumika kwa minyoo hiyo ni levamisoli. Lakini wewe mwache hukohuko dukani, hata kama bei imeshuka. Uliyemnunua mtenge kwenye tangi lake kwa wiki tatu au nne, kwa sababu lochi ndio wa kwanza kupata ugonjwa wa vidoa vyeupe, na magamba yao ni madogo mno hivyo dawa zenye shaba zinawaunguza haraka. Kwa klauni mimi huanza kwa kupandisha joto polepole hadi 30 na kuongeza pampu ya hewa, dawa baadaye na kwa nusu ya kipimo. Umeme ukikatika hewa ndiyo inayoisha kwanza, kwa hiyo pampu ndogo ya betri inunue siku hiyohiyo unayonunua samaki.