Kabla Hujaomba Kuahirisha Udahili wa Chuo cha Nje

Mtumishi wa umma wa Dodoma anayepata nafasi ya shahada ya uzamili nchini Uingereza hujikuta akifuata kalenda mbili zisizopatana. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na ruhusa ya masomo hutegemea mpango wa mafunzo wa ofisi yake; mwaka wa masomo wa vyuo vingi vya kule huanza Septemba, na kabla ya hapo chuo kinataka amana, viza inatakiwa iwe imeombwa, na kipimo cha kifua kikuu kiwe kimefanyika Dar es Salaam. Ruhusa yangu haikutoka kwa wakati, nami nikaahirisha kutoka Septemba 2024 hadi Septemba 2025. Tangu hapo wenzangu kadhaa wa Mtumba, kwenye mji wa Serikali, pamoja na wazazi wa vijana waliomaliza kidato cha sita, wamekuwa wakiniuliza kama nafasi hupotea mtu akiahirisha. Ninachowajibu ni kwamba nafasi yenyewe, kwa vyuo vingi vya Uingereza, haipotei ukiomba mapema. Vinavyopotea ni vitu vilivyoambatana nayo, na kila kimoja kina muda wake.

Kwanza ieleweke kwamba kuahirisha si haki ya mwombaji. Chuo kinaweza kukubali, kukataa, au kukubali kwa masharti mapya, na kozi ikifutwa mwaka unaofuata hakuna wa kumlalamikia. Kwa vyuo vingi vya umma vya Ujerumani jambo hili halipo kabisa: barua ya udahili ni ya muhula uliotajwa, na asiyejiandikisha huanza maombi upya. Kwa hiyo anayeambiwa na rafiki aliyesoma nchi nyingine kwamba "wanaahirisha tu" asilichukue hilo kuwa jibu lake.

Ombi langu lilikuwa barua pepe fupi. Mstari wa juu ulitaja namba yangu ya mwombaji, jina la kozi na mwezi niliotaka kuhamia. Sababu niliieleza kwa sentensi moja, nikaambatisha barua ya ofisi iliyosema ombi langu la ruhusa bado linashughulikiwa. Sikuandika habari za familia wala kuomba huruma, kwa sababu afisa udahili anayesoma mamia ya barua anatafuta sababu, tarehe na uthibitisho. Chini yake niliuliza maswali manne ambayo naona kila mwombaji angeuliza: je, amana niliyolipa inahamia mwaka ujao, je, ada itakuwa ya mwaka huu au ya mwaka ujao, je, punguzo la ada nililopewa linahama nami, na je, masharti ya ofa yanabaki yale yale. Amana ilihamia. Ada ikawa ya mwaka mpya, na hivyo ndivyo ilivyo kwa vyuo vingi. Punguzo niliambiwa niliombe tena.

Wakati wa kuomba nao una uzito wake. Ukiahirisha kabla chuo hakijatoa hati ya uthibitisho wa kukubaliwa masomoni, ile ambayo wote huiita CAS, kazi ni ndogo. Ikishatolewa, hati hiyo hudumu miezi sita na hutumika kwa ombi moja la viza, hivyo kwa mwaka unaofuata utahitaji nyingine. Na ikiwa viza imeshatoka nawe hukuripoti chuoni, chuo kina wajibu wa kuiarifu idara ya uhamiaji ya kule; viza inafutwa, na mwaka ujao unaomba na kulipia upya. Kwa Marekani nako ni bora kuwaarifu kabla tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye fomu ya I-20, ile ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni ya kuombea viza, haijapita, ili ofisi ya wanafunzi wa kigeni ibadilishe tarehe kwenye SEVIS, mfumo wa serikali ya kule wa kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni, na kukupa fomu mpya.

Upande wa fedha ndiko watu wanakojidanganya zaidi, wakidhani mwaka mmoja wa kusubiri ni mwaka wa kukusanya. Ni kweli unakusanya, lakini kiwango nacho kinapanda. Nilipopata ofa, mwanafunzi anayekwenda nje ya London alitakiwa kuonyesha pauni 1,023 za kujikimu kwa mwezi, kwa miezi isiyozidi tisa, yaani pauni 9,207. Tarehe 2 Januari 2025 kiwango kilipanda hadi pauni 1,136 kwa mwezi, jumla pauni 10,224. Tofauti ya pauni 1,017 ilinijia bila mimi kubadilisha chuo wala kozi, na hapo sijagusa nyongeza ya ada.

Fedha hizo zinatakiwa zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Mwenzangu mmoja aliweka kiasi kilichotakiwa barabara, bila ziada. Mwisho wa mwezi benki ikakata makato yake ya uendeshaji, salio likashuka kidogo tu, na hesabu ya siku 28 ikaanza upya. Taarifa yake ya benki ilikuwa na muhuri kila ukurasa, safi kabisa, na ule mstari mmoja wa makato ndio uliomrudisha nyuma. Weka ziada. Na fedha ziwe kwenye akaunti yako, au ya mzazi pamoja na cheti cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa. Ya mjomba haikubaliki, hata kama ndiye aliyekulea tangu darasa la kwanza bila karatasi za kisheria. Najua hilo linauma kwa familia zetu, lakini ndivyo kanuni ilivyoandikwa.

Nyaraka nyingine pia huchakaa. Matokeo ya IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, huhesabika kwa miaka miwili, kwa hiyo aliyefanya mtihani mapema ili awe tayari anaweza kukuta umekwisha muda kabla hajaondoka. Cheti cha kifua kikuu hudumu miezi sita, na ukiahirisha kwa mwaka utarudia. Angalau safari ya Dar es Salaam imekuwa nyepesi tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024.

Kuna jambo zito kuliko yote hayo, ambalo chuo hakitakukumbusha: sheria za nchi unayokwenda haziahirishwi pamoja nawe. Waliohamisha shahada ya uzamili ya kufundishwa darasani kutoka Septemba 2023 kwenda Septemba 2024 walikuta kwamba kuanzia Januari 2024 wanafunzi wa ngazi hiyo hawaruhusiwi tena kwenda na mwenzi wala watoto. Mtumishi mwenye familia, aliyepanga kuondoka na mke wake, hapo amepoteza kitu ambacho hakuna punguzo la ada linaloweza kukifidia. Vivyo hivyo, viza ya kubaki kutafuta kazi baada ya kuhitimu itakuwa ya miezi 18 badala ya miaka miwili kwa watakaoiomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027, isipokuwa wenye shahada ya uzamivu. Aliyeanza uzamili wa mwaka mmoja Septemba 2025 anaweza kuiwahi tarehe hiyo. Aliyeusogeza hadi Septemba 2026 hawezi. Kama hayo ndiyo yaliyokuvutia kwenda, yapime kabla ya kugusa barua pepe, na uliza kama kozi yako ina dahili ya Januari, maana miezi minne ya kusubiri huenda ikatosha.

Mwenye ufadhili kamili namshauri asiahirishe ila kwa ugonjwa au msiba mzito. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, hauhamishiki kwenda mwaka ujao; chuo kinaweza kukuhifadhia kiti huku fedha zikiwa zimekwenda kwa mtu mwingine.

Kwa vijana wa kidato cha sita, swali la wazazi huwa jingine: mtoto asikae bure nyumbani, je, aingie UDOM mwaka huu, kisha mwakani aende zake nje? Hapa naomba mzazi asome masharti ya barua kwa makini. Vyuo vingi vya Marekani humruhusu mwanafunzi kuahirisha kwa sharti kwamba hatajiandikisha kwenye shahada mahali pengine katika kipindi hicho, na akijiandikisha anaweza kuipoteza nafasi. Tena si haki kushika kiti cha chuo cha hapa ambacho kijana mwingine wa Kondoa au Mpwapwa alikihitaji. Mafunzo ya JKT, kozi fupi ya kompyuta au kazi ya kujitolea havina tatizo hilo, na chuo kikiuliza ulifanya nini mwaka mzima, una la kusema.

Suala la michango nalo lisidharauliwe. Ikiwa ndugu walikuchangia na sherehe ya kukuaga imeshafanyika, waambie wewe mwenyewe mapema, tena kwa ujumbe mmoja kwa wote, ukitaja mwezi mpya wa kuondoka na fedha zao zilipo. Vinginevyo utakuwa ukijibu "Kumbe bado upo?" kila uendapo soko la Sabasaba, na kila anayeuliza atakuwa na tafsiri yake.

Chuo kikikubali, dai barua mpya ya udahili yenye mwezi na mwaka mpya. Jibu la "tumepokea ombi lako" halitoshi. Soma kama kuna tarehe ya kuthibitisha tena, kwa kuwa baadhi ya vyuo humfuta asiyejibu. Barua hiyo mpya ndiyo utakayoipeleka kwa mwajiri, kwani ruhusa ya masomo hutaja chuo, kozi na tarehe, na ruhusa iliyoandikwa kwa tarehe za zamani haitakufaa. Mimi niliipeleka masijala Januari, mapema kabla ya Julai, wakati mpango wa mafunzo wa mwaka uliofuata ulikuwa bado unaandaliwa.