Barua Iliyosomwa na Mtuhumiwa

Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha darasa la tano katika shule moja ya msingi iliyo upande wa Uyole, Mbeya, nilimwandikia barua bibi wa mwanafunzi aliyekuwa akitoroka vipindi vya mchana, nikampa mtoto mwenyewe aipeleke nyumbani. Wiki mbili zikapita kimya. Nilipomfuata bibi jioni moja nilimkuta kibarazani akichambua maharage, naye akanipokea kwa bashasha na kunishukuru kwa barua nzuri niliyomtumia. Kumbe hakujua kusoma. Aliyemsomea ni mjukuu, na katika usomaji huo mwalimu alikuwa akimsalimu bibi na kumsifu mtoto kwa bidii yake. Nilijikuta nacheka kabla sijakasirika, kwa maana aliyemkabidhi mtuhumiwa hati ya mashtaka yake alikuwa mimi.

Tangu siku hiyo sisubiri kosa ndipo nimtafute mzazi. Mtoto anayeingia darasa la tano ametoka kwenye upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, anakutana na mzigo mkubwa zaidi wa masomo, na kwa kuwa sasa anaonekana mkubwa, nyumbani huongezewa kazi na kupunguziwa uangalizi kwa wakati mmoja. Mzazi anapaswa kuyasikia matarajio ya darasa mwezi Januari, lakini huku kwetu Januari ni katikati ya msimu wa mvua, watu wako kwenye palizi, na kikao cha saa nne asubuhi huhudhuriwa na wachache ambao pengine hawakuhitaji kuitwa. Mimi hukiweka alasiri, baada ya watu kurudi kutoka shambani, na hutamka mwanzoni kabisa kwamba hakuna mchango utakaotajwa, kwa sababu wito wa shule umezoeleka kuwa na maana mbili tu: fedha au kosa.

Matarajio yenyewe yawe machache. Niliwahi kubandika ukutani karatasi ya manila yenye kanuni 12, na baada ya mwezi hata mimi sikuweza kuzitaja zote. Sasa ninazo tatu: kufika kabla ya mahudhurio kuitwa, kumsikiliza anayezungumza, na kusema ukweli pale kazi ya nyumbani isipofanyika. Hii ya tatu ndiyo iliyonisaidia kuliko nyingine. Mtoto akisema kwamba jana walivuna viazi hadi giza likaingia, hufanya kazi hiyo wakati wa mapumziko bila kugombezwa. Akisema daftari limepotea, na ikabainika kwamba liko mkobani, hapo ndipo tunapokuwa na mazungumzo marefu.

Wapo wazazi watakaojibu, "Mchape tu, mwalimu, huyo ni mwanao." Huwaeleza kwa upole kwamba kanuni za serikali za mwaka 2002 kuhusu viboko shuleni hazimpi kila mwalimu ruhusa hiyo: mwenye mamlaka ni mwalimu mkuu au yule aliyemteua kwa maandishi, viboko havizidi vinne, na adhabu huandikwa kitabuni. Kisha huomba jambo ambalo kwa maoni yangu lina nguvu kuliko fimbo, yaani nusu saa ya mtoto kukaa na daftari kabla giza halijaingia.

Kuhusu simu, muulize kila mzazi namba aliyokupa ni ya nani, kwani mara nyingi ni ya jirani au ya mwana aliyeko mjini, na ujumbe wa siri ukipita huko huwa habari ya mtaa mzima. Kundi la WhatsApp linafaa kwa tarehe za vikao na za kufunga shule. Alama za watoto zisiwekwe humo hata siku moja. Nilishafanya hivyo, na mama mmoja akajitoa kundini usiku uleule, nami sikumlaumu. Jambo la mtoto mmoja hulisema kwa kupiga simu, na simu ya kwanza ya mwaka huhakikisha ni ya habari njema, hata kama ni hiyo tu kwamba mwandiko umeanza kusomeka.

Bibi yule nilimpigia mara nyingi kupitia simu ya jirani yake, fundi cherehani, hadi mjukuu alipomaliza darasa la saba. Mara ya mwisho alipokea akaniuliza kwanza habari za nyumbani kwangu na za baridi ya Julai, ndipo akasema, "Haya mwalimu, leo amefanya nini?"