Chupa ya maji ya sukari haitoshi

Jarida limeuliza wiki hii: ndege wadogo wa mtaani kwako wanatishiwa na nini, nawe unawasaidiaje? Mimi naishi Houston, Texas, na jibu langu ni la ndege mvumaji mwenye koo jekundu. Afrika hatuna wavumaji. Chozi wetu naye hunywa mbochi ya maua, ila ni wa ukoo mwingine. Mvumaji huyu ana gramu 3 hivi tu, na kila Septemba hupita pwani hii akielekea Meksiko na Amerika ya Kati. Wengine huvuka Ghuba ya Meksiko moja kwa moja, kilomita 800 hivi bila pa kutua.

Majirani wengi humtundikia chupa ya maji ya sukari, kisha huita watu wa kupulizia ua mzima dawa ya mbu. Hilo linaniuma. Sukari humpa nguvu za kuruka, lakini mwili wake hujengwa na wadudu wadogo na buibui, na makinda hulishwa hao hao. Kitazame kiota chake: hakizidi nusu ya ndimu, ndani sufi ya mimea, nje kimebandikwa vigamba vya kuvu vya kijivu kutoka kwenye magome ya miti. Vyote hivyo vimeshikwa na utando wa buibui, ambao hutanuka kadiri makinda wanavyokua. Ukipulizia dawa, umemnyima chakula na uzi wa kujengea.

Wavumaji hawa bado wako wengi, na ndiyo maana nasema tuanze sasa. Jamaa yake wa magharibi, Selasphorus rufus, amepungua sana tangu miaka ya 1970, hadi IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ikamweka miongoni mwa wanaokaribia kuwa hatarini.

Chupa usiitupe. Changanya kikombe 1 cha sukari nyeupe na vikombe 4 vya maji, bila rangi wala asali, na kwa joto letu uioshe kila baada ya siku 2. Paka akae ndani. Vioo vya madirisha vibandikwe alama upande wa nje, zikaribiane, maana ndege huona miti iliyoakisiwa akadhani ni njia.

Zaidi ya yote, panda maua ya asili ya hapa. Malvaviscus, jamaa ya bamia, hustawi hata kivulini na Septemba huwa bado na maua mekundu. Na mbu? Mwaga kila wiki maji yaliyotuama kwenye ndoo, matairi na visahani vya vyungu, halafu wapigie wale wapulizaji uwaambie wasije tena.