Msafiri wa wakati na mashairi ya kisiwani

Umeuliza umrudisheje mhusika wako miaka mia nyuma, kwenye kisiwa cha babu zake, na kama mashairi uliyotunga yataizamisha hadithi.

Mashine usihangaike nayo, sentensi mbili zinatosha. Kinachoangusha hadithi za aina hii ni kanuni kubadilika katikati. Amua mapema: akimzuia babu yake asioe, atatoweka, au yaliyopita hayabadiliki hata afanyeje? Mimi ningechagua la pili, kwa sababu kila hila yake inaweza kuwa ndiyo iliyoleta kile anachokikimbia.

Sasa bahari. Akifika hana saa wala kalenda, basi mwache asome maji. Sehemu nyingi duniani, kati ya kujaa na kujaa hupita kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Akikuta mashua zimelalia ubavu topeni, mbali kabisa na maji, atakisia tarehe ya mwezi hata kabla usiku haujaingia.

Mashairi usiyapachike kama mapambo. Mpe mvuvi ayaghani huku akishona jarife, na ubeti mmoja ufiche habari anayoihitaji msafiri, tuseme mahali ulipo mwamba uliovunja chombo. Beti mbili kwa mara moja, basi.

Lile shairi lako la machweo lifute (samahani!), yameimbwa mno. Andika juu ya kisima kilichoanza kutoa maji ya chumvi.