Silika nano kwenye epoksi: anza na ngozi ya chembe

Sampuli zangu za kwanza zilivunjika mapema kuliko epoksi tupu, ile plastiki ya majimaji inayoganda ikitiwa hadina (kigandishi). Nilikuwa nimetia silika nano, yaani unga wa chembe ndogo mno za silika, asilimia 3 ya uzito nikitarajia ugumu, nikaambulia uji wenye madonge. Chini ya darubini ya elektroni donge lilionekana wazi, na ufa umeanzia hapo hapo.

Nililaumu mashine ya kukorogea bure. Uso wa silika umejaa vikundi vya oksijeni na haidrojeni ambavyo hupenda maji na hushikana vyenyewe kwa vyenyewe. Unga wangu ulikuwa na mita za mraba 200 za uso katika kila gramu. Eneo lote hilo linatafuta pa kushika, na jirani wa karibu ni chembe nyingine.

Dawa ni silani, kemikali ya kuunganisha: upande mmoja huuma silika, upande wa pili hushika polima kama epoksi au raba. Ndiyo iliyowezesha silika kukaa vizuri ndani ya raba ya matairi, yakiwemo yale ya Michelin ya mwaka 1992. Mimi nilichukua silani yenye amino, kikundi cha naitrojeni kinachoungana na epoksi, nikaimimina kwa kukisia. Hapo nikaharibu tena, maana iliyozidi haikujifunga popote. Ikabaki inaelea ndani ya epoksi, ikaungana na epoksi iliyopangiwa hadina na kulainisha kitu chote. Joto la mpito wa kioo, yaani joto ambalo epoksi iliyoganda huanza kulainika, likashuka.

Basi piga hesabu kwa eneo, uzito wa unga peke yake haukuambii kitu. Gramu 10 za unga ule ni mita za mraba 2000. Gramu moja ya silani ile hufunika kama mita za mraba 350, kwa hiyo anzia gramu 5.7. Ichanganye na unga katika ethanoli asilimia 95 na maji 5, kisha osha unga kwa ethanoli mara tatu ili silani iliyozidi itoke, na usiione kazi hiyo kuwa ya kuchosha.

Kausha kiasi kidogo tu cha kupimia silani iliyoshika. Unga wote ukikaushwa hurudi kuwa mawe, na utalia tena. Mwingine upeleke ukiwa na ethanoli moja kwa moja kwenye epoksi, uivukize kwa pampu ya ombwe kabla ya hadina. Asetoni usiiguse, huungana na amino.

Kabla ya kutia hadina, bana tone kati ya vioo viwili, liinue kwenye mwanga. Ukiona punje, rudi kukoroga.